Germana Hapewi Ruhusa

Germana Tluway alikuwa na vyeti vya mfanyakazi hodari mpaka ukuta wa sebule yake kule Endamarariek umekwisha nafasi. Kila Mei Mosi ni yeye. Vigelegele, doti ya kanga, picha na wakubwa, kisha kesho yake huyoo, wodi ya wazazi hospitalini Karatu. Alichotaka si kanga. Alitaka ruhusa ya kwenda kusomea dawa ya usingizi, ile ya wagonjwa wa upasuaji, na chuo kilikuwa kimeshampokea.

"Nikikuachia wewe, wodi namwachia nani?" Patroni Vedasto, mkuu wa wauguzi, alimbembeleza. "Wewe ndiye nguzo yetu."

Nguzo! Na Wilson je? Wilson yule wa kuchelewa kazini na kusinzia kwenye benchi la wagonjwa aliomba ruhusa akapewa papo hapo. Nani angemlilia Wilson? Kumbe uzembe ndio njia ya chuoni, na anayejituma anafungiwa ndani na sifa zake. Mambo gani hayo, jamani!

Germana akakosa raha. Anakaa, anasimama, anakunja shuka lililokwisha kukunjwa. Zilibaki siku chache chuo kifunge usajili. Akaazimia kuwa mzembe, lakini asubuhi hiyohiyo mama mmoja alipopiga kelele, miguu ikamtangulia. Uzembe nao una wenyewe.

Ndipo swali la patroni likamrudia: namwachia nani? Mbona muuguzi mwenzake yupo, Resiato, msichana wa Ngorongoro, mwaka wa pili sasa wodini? Kweli, Resiato hajawahi kushika uzazi mgumu hata mmoja. Na nani aliyekuwa akimsukuma pembeni kila hatari ikiingia, "Pisha, nifanye mwenyewe"? Germana aliona aibu. Zile sifa alizipenda, tusifichane.

Mchana wake Naisenya, mke wa mfugaji, akajifungua. Mtoto akatoka amechoka, kimya, hapumui. Germana alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaurudisha.

"Mshike wewe," akamwambia Resiato.

"Mimi, dada?"

"Wewe. Niko hapa."

Resiato akamkausha mtoto, akamsugua mgongo. Kimya. Akamwekea kinyago usoni, akaanza kuminya mfuko wa kumpulizia hewa. Germana kabana mikono kwapani, anatamani kumnyang'anya. Hewa haikuingia.

"Kidevu," alisema tu. Resiato akakiinua kidogo, kifua kikapanda. Mara mtoto akalia, kilio cha hasira hasa.

Naisenya alimshika Resiato mkono, akamshukuru kwa Kimaasai, akamwombea baraka ndefu. Germana hakutazamwa hata kidogo. Ikamuuma, tena ikamuuma sana.

Jioni aliingia na Resiato ofisini kwa patroni. "Uliniuliza wodi utamwachia nani. Huyu hapa. Leo ameokoa mtoto aliyetoka hapumui."

Vedasto akamtazama Resiato kwa mashaka. "Binti, Germana akiondoka, utaweza kweli?"

Resiato aliinama, kisha akainua uso. "Aende tu, patroni. Dada akiwepo, mimi sishiki kitu."

Patroni akavuta kalamu, akaanza kuandika ruhusa. Germana akamshukuru patroni, lakini kumtazama Resiato akashindwa.