Pasaka Chini ya Kuba

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikuwa nesi mwanafunzi katika hospitali moja ya Edgbaston, mjini Birmingham. Siku moja aliletwa wodini kwetu bibi mmoja Mserbia aliyevunjika nyonga. Kiingereza hakujua. Chakula alikikataa, uso akaugeuzia ukutani. Juu ya kabati lake palikuwa na picha ndogo ya kanisa lenye kuba jembamba, refu kama shingo ya mtungi.

Asubuhi moja nilikuwa napangusa kabati lile. Nikaishika ile picha, na bila kufikiri nikafanya ishara ya msalaba jinsi nilivyolelewa: vidole vitatu pamoja, bega la kulia kwanza, kisha la kushoto. Bibi akanikamata mkono. Akaifanya ishara ileile polepole, kama anayeuliza swali. Nikaitikia kwa kichwa. Mchana ule alimaliza supu yote.

Mumewe alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha magari. Alipokuja kumwona mkewe na kusimuliwa habari hiyo, aliniuliza, kwa Kiingereza cha kukatikakatika, Uorthodoksi nimeupatia wapi. Nikamweleza kwamba kijijini kwetu Kenya tulikuwa na kanisa la udongo na mabati, na baba yangu ndiye aliyeongoza nyimbo. Wakoloni walilifunga wakati wa Hali ya Hatari, tukawa tunasali jikoni kwa mama.

Mzee akaichukua ile picha kabatini. "Letu Waturuki waliligeuza zizi la farasi," akasema. "Bado limesimama."

Lile la pichani, akaeleza, lilijengwa na mtawala wao wa kale, karibu miaka mia sita iliyopita. Na Waserbia waliokimbilia Birmingham baada ya vita walikuwa wamejenga jingine la mtindo uleule, kusini mwa mji. Mkewe akipona, wangenipeleka.

Bibi alipona. Pasaka ya hospitali, ya mayai ya chokoleti, ilikuwa imeshapita. Yetu Waorthodoksi, ya kalenda ya kale, ilikuwa bado. Siku yenyewe nilipewa ruhusa, tukapanda basi, bibi na mkongojo wake, mimi na koti la kuazima.

Katikati ya bustani na nyumba za Kiingereza, kanisa lilisimama kana kwamba limesafiri zima zima kutoka kwao. Safu ya mawe ya rangi ya mchanga, safu ya matofali mekundu, mawe tena, mpaka juu. Madirisha ya mviringo yalichongwa mafundo, yakapishana kama nyuzi za kikapu cha kiondo. Mzee aliinama nyasini, akachuma kijimea chenye majani matatu, akanionyesha kwamba hiyo ndiyo ramani ya kanisa: jani la mbele ni madhabahu, na mawili ya pembeni ni ya waimbaji, waitikiane.

Ndani nilisimama chini ya kuba. Kwetu macho yakipanda yalikutana na mabati mara moja. Hapa yalipanda tu, hadi kwenye mwanga wa madirisha membamba. Waimbaji wa kulia wakaanza, wa kushoto wakaitikia. Maneno sikuyajua, lakini nilijua yanakoelekea. Walipofika "Bwana hurumia," nikaitikia kwa Kiswahili, karibu kimoyomoyo. Bibi akanipiga kiwiko.

"Anasema uongeze sauti," mzee akaninong'oneza.

Nikaongeza. Walionigeukia walikuwa wakitabasamu.

Baadaye, nje, tuligonganisha mayai mekundu ya Pasaka, tuone la nani litabaki zima, na la kwangu likavunja ya wenzangu kadhaa. Padri akataka kujua salamu ya Pasaka inasemwaje kwetu. Basi mimi nikisema "Kristo amefufuka," wao wanajibu "Kweli amefufuka," ndimi zikiteleza, watoto wakicheka.

Katika miaka ya sabini niliolewa na Mkenya mwenzangu, tukahamia mtaa wa Handsworth, na binti yetu wa kwanza akabatizwa kanisani pale. Bibi ndiye aliyekuwa mama yake wa ubatizo. Alipochovywa majini mara ya tatu, mtoto alilia kwa nguvu zake zote. Kilio kikapanda kwenye kuba, kikarudi kikubwa kuliko yeye. Akashtuka, akanyamaza, akaangalia juu kumtafuta mtoto mwingine anayelia, na padri akacheka hata sala ikamkwama.