Mama Alipoketi Kwenye Kiti cha Kamba

Siku moja naikumbuka mpaka leo, na hata kanisani hunichekesha: siku tuliyompeleka mama yangu kwenye jumba la sayansi kule Embu. Mwanangu, wewe uliyeolewa juzi, keti usikie.

Nilikuwa na mimba ya kwanza. Nilitaka Mama atoke Githongo aje kunihudumia nikijifungua, naye hakutaka. "Nitalalaje nyumba moja na mkwe?" Wakati ule kwetu Meru mwanamume hakumtazama mama mkwe usoni, wala kumpa mkono. Wakikutana njiani, mmoja aliingia kwenye shamba la kahawa mpaka mwenzake apite. Basi mume wangu akasema tumzoeshe pole pole, tutembee pamoja siku moja.

Mle jumbani tukatembea hivi: Mama mbele na kiondo chake cha ndizi, mimi katikati, mume wangu nyuma. Tukisimama, yeye anageukia ukuta.

Mama akachoka miguu. Akaona kiti, akaketi. Kumbe kimefungwa kamba inayopita kwenye vigurudumu darini. Mtu akivuta, kiti kinapanda. Kijana wa kuonyesha watu vyombo akamfunga mkanda, Mama akidhani ni ukarimu. Kisha akampa kamba mwanamume wa karibu.

"Mkubwa, vuta hapa uone sayansi!"

Huyo mwanamume alikuwa mume wangu, anatazama ukuta kwa heshima. Akavuta. Alikuwa mtu wa jembe, akavuta sawasawa.

Mama akapaa. Ndizi zikamwagika. "Uuui! Nani ananiiba?"

Mume wangu akaijua sauti. Mikono ikamlegea, kiti kikashuka ghafla hadi katikati, Mama akapiga yowe la pili.

"Usiachilie!" nikamwambia.

Akaikaza kamba, akafumba macho, jasho likamtoka. "Muulize Mama kama amefika chini."

"Mwambie sijafika!" Mama akajibu kutoka juu.

"Muulize nimshushe upande gani."

"Mwambie chini! Kuna upande mwingine?"

Watoto wa shule walikuwa hoi kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilijua Mama akishuka na aibu ile atarudi Githongo, nami nitajifungua bila mama. Na kiti sasa kilikuwa kinayumba kuelekea kabati la kioo.

Mama akakishika kiti kwa mikono miwili. Halafu akasema, "Mwanangu," na hakuwa ananiita mimi. "Fungua macho. Nitazame, ndipo unishushe."

Akafungua. Akamtazama mama mkwe wake usoni, akamshusha kama mtu anayetua yai.

Akaanza kusema ataleta kondoo wa kuomba msamaha. Mama akajifunga kitambaa chake upya. "Kondoo lete, nitamla. Lakini umeshika uhai wa mtu mkononi halafu unafumba macho, hiyo ni heshima gani? Sasa okota ndizi zangu."

Nilipojifungua, mikono ya Mama ndiyo iliyompokea mtoto.

Mwanangu, mwacha mila ni mtumwa, na mimi yangu siiachi. Lakini mila iliwekwa ili watu wasiumizane. Siku mkwe wako atakapougua, usisimame mlangoni ukisema unaona haya. Ingia, mshike, muogeshe, mlishe. Haya utaona baadaye, akishapona.

Mungu akupe wakwe wanaosema wazi, akupe na macho ya kuwatazama. Nyumba yako isikose moto jikoni wala kicheko.