Mafuta ya Nazi Kwenye Reli ya Mkonge

Harufu ya makapi ya mkonge huingia puani kabla hujauona mkonge wenyewe. Ni chachu kama togwa iliyosahauliwa jikoni siku tatu, na chini ya uchachu huo kuna ubichi wa majani yaliyopondwa, na juu yake, kwetu, kulikuwa na moshi wa dizeli. Nilikulia katika kambi ya wafanyakazi wa shamba moja la mkonge, bara kidogo kutoka mji wa Lindi, nyumba ya tatu kutoka korona, kama tunavyokiita kiwanda kinachosaga majani na kutoa nyuzi. Korona ilipofanya kazi, bati letu lilitetemeka na vikombe viligongana kabatini. Iliponyamaza ndipo tuliposhtuka, tukatoka nje kuulizana kuna nini. Wake walioolewa kambini kutoka mbali walifunga pua kwa khanga wiki ya kwanza. Wiki ya pili walisahau. Nimekaa Dar es Salaam miaka yote ya chuo, lakini hadi leo mtu akimwaga kitu kilichochacha karibu nami, moyo wangu unarudi kwenye likizo ya Juni nilipokuwa darasa la nne, likizo ambayo treni ya shamba ilibeba watu mpaka baharini.

Kuiita treni ilikuwa heshima tuliyoipa sisi wenyewe. Kilikuwa kichwa kimoja kidogo, cha kijani kilichopauka, kimo chake kama cha mtu mrefu aliyeinua mkono, cha kuwashwa kwa hendeli iliyohitaji wanaume wawili. Nyuma yake zilifungwa troli, zile za kubebea majani ya mkonge. Reli yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mtoto aliweza kusimama mguu huku na mguu huku. Ilitoka mashambani, ikapita korona, ikapanda kilima kimoja, kisha ikateremka mpaka kwenye ghala la zamani ukingoni mwa mji wa Lindi, ambako marobota ya nyuzi yalipakiwa melini enzi hizo. Trekta lilipokuja, kichwa kile kikasukumwa bandani, kuku wakataga ndani yake. Mjomba Seifu, kaka yake mama, alikuwa fundi wa korona. Kwa mwaka mzima, kila alasiri baada ya kazi, alikuwa anakifungua na kukifunga. Meneja alimwachia, kisha akachoka kusubiri. Akasema apewe sababu moja ya kutokiuza: kiende Lindi na watu, kifike kabla ya adhana ya adhuhuri. Kikifika, kitarudi kazini kuvuta mkonge. Kisipofika, lori la chuma chakavu litakifuata palepale kilipokwama, na vijana wa kukata kwa gesi watamaliza kazi.

Bibi, mama yake Mjomba, aliposikia habari hiyo alitoa nguo yake ya Idi sandukuni siku ileile, ingawa safari ilikuwa baada ya wiki mbili. Ujana wake wote alikata mkonge katika shamba lile. Siku hizo mfanyakazi hakuruhusiwa kupanda troli; troli ni za mkonge. Akitaka kwenda Lindi, alitembea kando ya reli, na mkonge alioukata kwa mikono yake ulimpita umekaa. Hilo la mwisho alilisema kila mara, "umekaa," huku akipiga goti lake kwa kiganja. "Mimi nataka kukaa," alimwambia Mjomba. "Sitaki kusimama, sitaki kuning'inia. Nikae mpaka nione maji."

Mjomba aliigawa reli kwa kaya, kila nyumba ing'oe majani na kuondoa mawe katika kipande chake. Sisi tuliangukiwa na kilima. Nilikuwa mtoto wa kuwaza. Wenzangu waling'oa majani na kwenda kucheza. Mimi nilibaki nimechuchumaa, nikitazama chuma. Nilipitisha kidole juu ya reli, kikatoka chekundu. Usiku sikulala vizuri. Niliona magurudumu yakikwaruza kutu, yakikwama, lori likija. Na nyumbani kwa Bibi hapakuwa na chuma kilichowekwa kikavu. Panga likitoka shamba lilifutwa na kupakwa mafuta ya nazi, jembe hivyohivyo, mbuzi ya kukunia nazi hivyohivyo, hata bawaba za mlango. Asubuhi nikamfuata jikoni.

"Bibi, reli si chuma?"

"Chuma, mjukuu wangu."

"Sasa mbona ina kutu na hakuna mtu anayeipaka mafuta?"

Alinitazama, kisha akatazama upande wa kilima, kama mtu aliyekumbushwa deni la adabu. Akaingia ndani akatoka na chupa ya mafuta aliyoyapika mwenyewe. "Kapake. Ila usimalize, nywele zangu nazo zinayahitaji."

Nikamaliza. Asubuhi tatu mfululizo, nikiwa na kumbi la nazi, nilisugua na kupaka reli zote mbili kuanzia chini ya kilima mpaka kileleni. Sehemu ya mwisho niliirudia jioni ya kuamkia safari. Ziling'aa kama sufuria za harusi. Sikumwambia Mjomba, kwa sababu niliogopa angesema nimepaka vibaya.

Asubuhi ya safari kambi nzima ilikuwa imevaa. Benchi za madrasa zilikuwa zimefungwa kwa kamba juu ya troli nne, na Bibi alikuwa wa kwanza kupanda, mwavuli mkononi, benchi la mbele. Mzee Komba alikaa nyuma yake. Alikuwa Mngoni aliyetoka Songea kijana kuja kukata mkonge na hakurudi tena. Na kwa kuwa Mngoni na Mmwera ni watani, Bibi na yeye hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana.

"Ninyi Wamwera," alianza hata kabla injini haijawashwa, "babu zetu waliwakimbiza mpaka mkafika baharini. Leo mnajipeleka wenyewe, tena kwa nauli ya bure."

"Na ninyi mlikuja kupigana mkaishia kukata mkonge," Bibi alijibu bila kugeuka. "Kaa vizuri, mtani, usinikanyagie nguo."

Watu walicheka, wanaume wawili wakazungusha hendeli, injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Tulipita korona, tukapita mistari ya mkonge iliyonyooka kama ya daftari jipya, tukipunga mikono kwa watu waliokuwa wakipalilia mihogo. Hakukuwa na kasi yoyote. Mbwa wa kambini alitusindikiza akitembea. Lakini tulikuwa tumekaa. Mama mmoja alianza wimbo, troli ya nyuma ikaupokea kwa kuchelewa, na wimbo ukawa unatoka mbele na nyuma kwa zamu. Saa nne hivi tukafika chini ya kilima.

Kichwa kilipanda hatua kama ishirini. Kisha mlio ulibadilika. Magurudumu yakawa yanazunguka palepale, kama ya baiskeli iliyopinduliwa, na sisi tukaanza kurudi nyuma taratibu. Mjomba alifunga breki, akajaribu tena. Akajaribu mara ya tatu. Wimbo ukafa troli moja baada ya nyingine. Alizima injini, akashuka, akafungua boneti, akasimama akiitazama kwa namna ambayo sijawahi kuisahau, mikono imening'inia tu. Simu yake ikalia. Alikuwa meneja, aliyekuwa anasubiri ghalani Lindi pamoja na mnunuzi wa chuma. "Tuko njiani," Mjomba alisema. Alipokata simu akasema kwa sauti ndogo, si kwa mtu yeyote, "Nguvu zimeisha. Injini imechoka."

Ndipo Mzee Komba alipoinua pua. "Hivi nani anakaanga vitumbua huku porini?"

Watu walicheka kidogo, cheko la kutaka kusahau. Mimi sikucheka. Ile harufu niliijua. Ilikuwa inatoka chini ya magurudumu, mafuta ya Bibi yaliyopashwa moto kwa kusuguliwa, na papo hapo nikaelewa kila kitu, jinsi mtu anavyoelewa glasi ikishaanguka.

Mpaka leo naweza kuyahesabu mawazo yaliyopita. Nikisema, Mjomba atajua ni mimi niliyeharibu mwaka wake mzima. Nikisema, Bibi ataaibika mbele ya mtani wake, na utani huo hautaisha mpaka mmoja wao azikwe. Nikinyamaza, labda mtu mwingine atagundua. Labda jua litakausha. Labda si mafuta. Labda kweli injini imechoka, na nikisema nitajitia hatiani bure. Nilitunga sentensi, nikaifuta, nikatunga nyingine iliyoanza na samahani. Wakati huo Mjomba alikuwa anashusha boneti polepole, kama mtu anayefunika maiti. Nikaruka kutoka kwenye troli. Samahani ikanipotea njiani, na nilipofika mbele yake kilichotoka ni hiki, kwa sauti iliyosikika mpaka troli ya nne:

"Shikamoo, Mjomba! Nimepaka reli mafuta!"

"Marahaba. Nini?"

"Mafuta ya nazi. Kilima chote. Ili isikwaruze."

Kisha sauti ya Bibi kutoka juu ya benchi: "Mafuta nilimpa mimi. Mwenye kutaka kumpiga mtu aje huku."

Mjomba hakumtazama yeye wala mimi. Alipiga magoti, akapitisha kiganja kwenye reli, akakinusa. Nilifumba macho nikisubiri kofi. Nilichosikia ni kicheko, tena kicheko cha mtu aliyekaribia kulia. "Injini nzima!" alipiga kelele. "Mama, injini yangu nzima! Haina kitu! Inateleza tu!" Alininyanyua juu kwa kwapa kama mtoto wa miaka miwili, akanigeuza kwa watu. "Mmesikia? Injini nzima!"

"Wamwera," Mzee Komba alisema huku akijifuta machozi, "wamekaanga treni!"

Kilichofuata ni kazi, na watu wa mkonge wanaijua kazi. Mjomba alikirudisha kichwa chini kwenye tambarare. Tukashuka, tukasambaa kilima kizima kila mtu na urefu wa mikono yake, kama wanavyojipanga kwenye mistari ya kukata. Tulichota mchanga mkavu kando ya njia, tukasugua reli kwa majani, kwa magunia, kwa vitambaa vya kichwa. Nguo za sikukuu zilichafuka na hakuna aliyelalamika. Mimi nilisugua kileleni, ambako nilikuwa nimepaka mengi zaidi, mpaka vidole vikawaka. Mjomba alipita akigusa reli kila hatua chache, akasema kilichobaki ni mchanga wa kumwaga mbele ya magurudumu, na abiria wote watapanda kilima kwa miguu ili mzigo uwe mwepesi.

"Wote," Bibi alisema, "isipokuwa mimi."

"Mama, uzito."

"Seifu, kilima hiki nimekipanda kwa miguu tangu hujazaliwa. Sishuki."

Naye hakuwa ameshuka. Tangu tulipokwama alikuwa amekaa palepale. Mjomba aliangalia saa, akaacha kubishana. Hendeli ikazungushwa. Kichwa kikaja kutoka tambarare kikikusanya kasi yote kiliyokuwa nayo, troli zikirukaruka tupu nyuma yake, na kwenye benchi la kwanza, peke yake, mwavuli umefunguliwa, mgongo umenyooka, Bibi. Tulikimbia pande zote mbili tukitupa mchanga. Katikati ya kilima magurudumu yaliteleza mara moja, watu wote wakapiga ukelele kama waliochomwa, yakashika. Mzee Komba alikuwa amekamata nyuma ya troli na kusukuma, ingawa nadhani ni troli iliyokuwa inamvuta. Kichwa kilifika kileleni kwa mwendo wa mtu mzima anayepanda ngazi, kikasimama, kikaguna, na upande wa pili kukawa na bahari yote ya Lindi, buluu mpaka mwisho wa macho.

Vigelegele vya siku hiyo sijavisikia hata kwenye mahafali yangu.

Tulipanda tena, tukateremka tukipiga honi njia nzima. Watoto wa mjini walitoka vichochoroni wakakimbia nasi, wanawake wakasimama milangoni na miiko mikononi. Tulisimama mbele ya ghala, Mjomba akazima injini, na katika ukimya ule, ndipo msikiti wa karibu ulipoanza adhana. Meneja alitazama saa yake, akamtazama mnunuzi, akatikisa kichwa. Mnunuzi alikizunguka kichwa mara moja, akakipiga teke dogo, akaondoka na lori lake tupu. Bibi alishuka kwa kushikwa mikono pande zote mbili. Alitembea mpaka majini na viatu vyake, akasimama maji yakimfika vifundoni, akamwambia Mzee Komba: "Mtani, nimefika nimekaa."

Kichwa kile bado kinavuta mkonge. Mjomba ameshastaafu, na kijana aliyefundishwa naye ndiye anayekishughulikia sasa. Bibi tulimzika mwaka nilioingia chuo. Mimi nimekuwa mtu mzima wa kuwaza: nasoma ujumbe mara tano kabla ya kuutuma, nikiutuma nausoma tena kuona nilikosea wapi. Mwezi uliopita nilitoka kambini kwenda Lindi kupeleka barua ya kuomba kazi. Siku hizi ni lami mtindo mmoja, na gari dogo la abiria linamaliza safari kabla redio haijamaliza nyimbo chache. Njia nzima nilikuwa nimeinamia barua, nikipima neno moja la mstari wa pili, na nilipoinua kichwa tulikuwa tumesimama kituoni. Bahari ilikuwa imepita dirishani bila mimi kuiona. Nilishuka, nikaipeleka barua ilivyo, bila kuifungua tena, na nikasalimu pale ofisini kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, hata karani akaruka kidogo kwenye kiti. Sijui kama watanijibu. Nilipotoka nilitembea hadi ufukweni. Hakuna aliyegeuka kunitazama, wala sikutegemea. Ni sisi siku ile, tuliotumia nusu siku kwa safari hiyohiyo, nguo zetu zimejaa mchanga na vidole vyetu vinanuka nazi, ambao tulifika Lindi na mji mzima ukajua tumefika.