Turnediski Isiyo na Mkanda

Tarehe tisa mwezi wa pili 1978, siku ya Alhamisi, nilimpoteza mke wangu. Homa ilimshika Jumapili, tukadhani ni malaria ya kawaida, na Alhamisi saa nne asubuhi alikuwa amekwisha. Hatukuwa na mtoto. Kitu alichoacha chenye sauti yake kilikuwa diski moja ndogo.

Diski hiyo ilitoka parokiani. Padri alirekodi korali, yaani kwaya, kazi ikapelekwa Ulaya, diski zikarudi, kila mwimbaji akapewa moja. Upande wa pili mke wangu anaimba peke yake kwa kitambo kifupi, kisha wenzake wanaitikia. Niseme ukweli: mimi sikuwahi kwenda kumsikia kanisani. Nilikuwa mwashi, nikichonga mawe ya volkano wiki nzima, na Jumapili nilikuwa nalala. Tuligombana mara nyingi juu ya mazoezi ya korali, kwa sababu alirudi saa ya chakula imepita. Alipokuwa hai niliisikiliza diski ile labda mara mbili, nikiwa nakula.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, mkanda wa turnediski yetu, mashine ya kuchezea diski, ulikatika. Ni ule mpira mwembamba unaotoka kwenye mota na kuzungusha sahani ya kuwekea diski. Goma nzima sikupata mwingine. Fundi wa redio mmoja wa Majengo alichana mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, akaunganisha ncha zake kwa gundi, akauvalisha pale. Sahani ikazunguka, lakini polepole.

“Itakuwa inavuta miguu,” fundi aliniambia. “Ukisikia sauti nzito, ujue si mwimbaji, ni mupira.”

Nilielewa. Lakini nilipofika nyumbani kwangu Mabanga na kuweka diski, nilisikia sauti nzito ya mwanamke aliyechoka, na mimi pia nilikuwa nimechoka, nikaikubali. Niliisikiliza kila jioni nikitoka kazini. Baada ya miezi, hata maneno yake ya kawaida niliyoyakumbuka, kama “umenawa mikono?”, yalinijia kwa sauti ile.

Mwaka huohuo mama mkwe alishuka kutoka Masisi kutusaidia kumaliza mambo ya msiba. Nikamwekea diski. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba kuchambua maharagwe. Nilidhani uchungu umemzidi. Sikumwekea tena.

Ni fundi yule aliyenipeleka kwa karani mmoja. Karani alifanya kazi kwa mnunuzi wa kahawa, akikaa nyumba nzuri mtaa wa Himbi, na kila Jumamosi alasiri wapenda muziki walikutana kwake. Mimi sikuwa mpenda muziki. Nilikwenda kwa sababu fundi alisema karani anaagiza turnediski mpya isiyo na mkanda kabisa, na kwamba mashine ya namna hiyo haichelewi wala haikimbii. Nilitaka kumsikia mke wangu alivyokuwa. Na nilitaka mama yake pia amsikie. Sikuwaambia hayo siku ya kwanza.

Karani alikuwa amekata picha ya mashine hiyo kwenye gazeti la Kifaransa, akaibandika ukutani chini ya msalaba.

“Mota iko palepale chini ya sahani,” alisema. “Yenyewe njo inazungusha. Hakuna mukanda.” Kwa Kiswahili cha kwetu “njo” ni “ndiyo”.

“Na mota ikitetemeka?” fundi aliuliza. “Sindano itasikia yote. Tutakuwa tunasikiliza muziki ama mashini ya kusaga muhogo?”

“Banasema haitetemeke.”

“Banasema! Weye ulishaona mutu anauza mbuzi, anakwambia iko mugonjwa?”

Watu wakacheka. Mimi nikauliza neno moja tu: mwendo wake utakuwa sawa kweli?

“Sawa kabisa, muzee. Ndani iko na kajiwe, kristali. Ako kajiwe njo kanachunga mwendo.”

“Jiwe?”

“Jiwe.”

“Basi muzee amepata ndugu yake!” fundi alisema, na tangu siku hiyo waliniita ndugu ya turnediski.

Karani alisema itachukua miezi mitatu. Ilipita mitatu. Kila Jumamosi swali lilikuwa lilelile, imefika? na jibu lilikuwa lilelile, iko njiani. Kwanza ilikuwa kwenye meli. Halafu ilikuwa Mombasa. Halafu lori lililoibeba liliharibika mahali ambapo hakuna aliyepajua. Watu wengine waliacha kuja. Mimi niliendelea, si kwa matumaini makubwa. Nilikuwa nimezoea kwenda, kama mtu anavyozoea kupitia njia fulani.

Katika kungoja huko karani alisoma kwamba mashine ya bei kali haitaki kutikiswa. Nyumba yake ilikuwa karibu na barabara, malori yakipita vikombe vililia kabatini. Na ardhi yetu ya Goma nayo hujitikisa yenyewe bila kuuliza mtu. Nikasema nitachonga jiwe la kuiwekea. Jiwe letu lina matundu kama mkate. Nilitafuta lililoshikana, na la kwanza lilipasuka mikononi mwangu kwa sababu katikati lilikuwa na uwazi nisiouona. La pili nililimaliza kwa wiki sita, baada ya kazi, kidogo kidogo. Nililisugua mpaka likang’aa jeusi. Tulilibeba watu wanne.

Mke wa karani akasimama mlangoni mwa sebule. “Weee, munaniletea kaburi mu saluni?”

Kisha akaniona, akakumbuka, akaziba mdomo kwa kitenge. Nikamwambia, “Si kitu, mama. Kweli linafanana.” Nikaendelea kulisawazisha kwa bilauri ya maji, nione maji yamelala au hayajalala.

Jiwe lilikaa tupu pale miezi. Watoto wa nyumba waliliwekea sahani za chakula. Siku moja nikakuta doa la mafuta ya mawese, nikapiga magoti kulisafisha, na nikiwa pale chini ndipo nilipowaambia wale wawili habari ya diski. Fundi alisema, “Kumbe njo ivyo.” Jumamosi iliyofuata hakunitania, na hilo lilinichosha kuliko utani.

Mashine ilivuka mpaka wa Rwanda na kufika Himbi mwezi wa pili 1980, wiki ileile tuliyotaka kufanya misa ya miaka miwili. Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Masisi Ijumaa. Jumamosi nilimchukua twende naye. Alikataa kiti, akaketi mkekani karibu na mlango, uso akiuelekeza nje kidogo, kama inavyotakiwa mbele ya mkwe wake.

Karani alipasua sanduku kwa wembe. Mashine ilikuwa nzito, ya rangi ya fedha, na ukingo wa sahani yake ulikuwa na vidoti vingi. Tukaiweka juu ya jiwe. Fundi alieleza kwamba kuna kitaa kinachomulika vidoti, na mwendo ukiwa sahihi vidoti vinaonekana vimesimama. Karani akabonyeza. Sahani haikuanza taratibu kama yetu. Iliondoka mara moja. Vidoti vikasimama kimya. Fundi akalaza sikio kwenye jiwe, akakaa hivyo muda mrefu.

“Unasikia nini?” karani aliuliza kwa woga.

“Ninasikia tumbo yako tu, karani. Ingine hakuna.”

Wakaweka diski za karani mbili. Walifurahi, wakashikana mikono. Kisha karani akaninyooshea mkono, nikampa ya kwangu.

Sauti iliyotoka ilikuwa nyepesi. Ya haraka, ya msichana, karibu anacheka. Sikuijua.

“Iko mbio,” nilisema. “Punguza.”

“Muzee, angalia vidoti,” fundi alisema. “Vimesimama. Iyi njo mwendo yake.”

Mama mkwe alikuwa amesimama. Alipita katikati yetu bila kuona haya, akaweka kiganja juu ya jiwe.

“Njo yeye,” alisema. “Ni vile alikuwa anaita mbuzi. Njo yeye kabisa.”

Nikamwuliza, “Mama, na siku ile kule kwangu?”

“Siku ile sikumujua. Niliona unalia, mukwe, nikasema nikuache na mutu wako.”

Walirudisha sindano mwanzo. Nilijaribu kumwona mke wangu ndani ya sauti ile, sikuweza. Fundi aliona uso wangu. Akaninong’oneza kwamba pembeni kuna kitufe cha kutelezesha, kinaweza kushusha mwendo kidogo, na kama nataka ile niliyoizoea anaweza kunipa. Nikakubali. Akakitelezesha, vidoti vikaanza kutembea, na sauti ikashuka. Haikufika chini kama kwangu, lakini ilitosha. Nilimjua mara moja yule mwanamke aliyechoka.

Mama mkwe aliondoa kiganja kwenye jiwe, akatazama sakafu, kama siku ya maharagwe.

“Rudisha,” nilimwambia fundi.

Ningependa kuandika kwamba nilichagua ukweli. Nilimwonea haya mama yule, basi. Fundi akarudisha kitufe katikati, vidoti vikasimama, na mama akasikiliza binti yake mara tatu nyingine.

Jumatatu asubuhi lori la Masisi lilikuwa linapiga honi barabarani. Mama alikuwa na kikapu cha chumvi na sabuni, na kamba yake ilikuwa imekatika. Akaniuliza kama nina kitu cha kufungia. Nilitafuta nyumba nzima, sikuona. Nikainua sahani ya turnediski yetu, nikavua ule mpira wa baiskeli, nikaukata kwa kisu pale penye gundi, nikampa. Aliuvuta mara mbili kuujaribu.

“Iko na nguvu,” alisema.

Akafunga kikapu, nikampandishia juu, lori likaondoka.