Wadudu Wamekufa, Mwasho Umebaki

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kambi ya wakimbizi wilayani Ngara, nilianza kujikuna kabla sijamgusa mgonjwa hata mmoja. Foleni nzima ilikuwa inajikuna. Nimetoka chuo cha matabibu nikiwa na hamu ya kushona vidonda na kuzalisha, nikapewa ndoo ya BBE, ile dawa nyeupe ya kupaka ya upele, na brashi. Nilikasirika kweli.

Mganga Mfawidhi, mkuu wetu pale, alikuwa mama wa maneno machache, na mengi ya hayo yalikuwa ya kunifokea. "Tabibu, acha kununa. Paka."

Nikapaka, miezi na miezi. Ndipo akaja mama mmoja Mrundi, ngozi ya mikono imebabuka. Nyuma yake, mbali kidogo, dada yake alibeba mtoto mchanga aliyekonda vibaya. Nyumba nzima ilikwisha kutibiwa upele, lakini mama huyu, kwa kuwa bado aliwashwa, alijipaka dawa kila asubuhi, na mtoto wake akamwachia dada yake asije akamwambukiza. Mtoto alinyweshwa uji mwepesi, akautapika.

"Wadudu wamekufa," nikamwambia. "Mnyonyeshe mtoto."

"Muganga, kama wamekufa, nani ananiuma?"

Nilimkagua kwa lenzi, sikuona mdudu. Nikamkimbilia Mganga Mfawidhi, naye akanieleza akiwa amesimama, maana kukaa hakujui. Ndani ya ngozi kuna seli za kinga, walinzi wa mwili, zilizojaa punje ndogondogo. Zikishtushwa na mdudu, au hata na mzoga na kinyesi chake kilichobaki ngozini, humwaga histamini, kemikali ya kuleta mwasho, pamoja na vimeng'enya, yaani kemikali zinazokata protini. Vimeng'enya hivyo huchokoza ncha za neva, na neva hupeleka habari ubongoni: jikune.

"Vile vidonge vya njano unavyowapa wanaowashwa vinazuia histamini tu," alisema. "Vimeng'enya haviguswi. Na hiyo dawa akizidi kujipaka inamchubua, mwasho unazidi. Nenda kamwambie kwa maneno ya shambani, ya chuo yaache hapa."

Nilirudi kwa mama yule. Mimi ni Mhangaza, lugha yetu inakaribiana na Kirundi, hivyo Kirundi chake hakikunipiga chenga.

"Mama, umewahi kuguswa na upupu ukipalilia?"

"Mara nyingi."

"Ukishajisugua majivu na kuoga, mwasho unakoma hapohapo?"

"Unaendelea."

"Na unayelala naye, anawashwa?"

"Hapana."

"Basi na huu ni hivyo hivyo. Ni ngozi yako mwenyewe, haina cha kumpa mtoto. Na dawa uiache, inakuchubua."

Akamtazama dada yake, akanyoosha mikono. Mtoto alilia kwanza, kisha akashika ziwa. Nilishukuru Mungu, na sikuona aibu kufuta machozi mbele ya foleni.

Baadaye nilihamishiwa Nyantakara, Biharamulo, chini ya msimamizi mpole, nikasoma kwamba nywele za upupu nazo zina kimeng'enya cha kuwasha. Nilicheka peke yangu.

Sasa nimestaafu, niko Kanazi na migomba yangu, na kutulia bado sijui. Nikipita penye wagonjwa nikawaona nyinyi matabibu vijana mkitoa dawa na kuita anayefuata, nakosa raha. Mama yule tulikwisha kumpa dawa, na ilifanya kazi. Tungeishia hapo, angepona upele na kumzika mtoto.