Siku Mlango wa Namba Moja Ulipogoma Kufunga

Pale konani, chini ya ngazi za hekalu, siku hizi wanauza chai ya maziwa kwenye vikombe vya plastiki. Vijana wanapanga foleni hata mvua ikinyesha, na mvua ya Keelung, mji wetu wa bandari huku Taiwan, haiji ikaondoka, imehamia kabisa. Mimi nikipita hapo hupunguza mwendo bila kujijua. Pua inatafuta harufu ya sabuni na taulo za moto, masikio yanamsubiri Siok-khim amfokee mumewe.

Hapo palikuwa na dobi yao, chumba kimoja chembamba chenye mashine nne za kufulia, unatumbukiza sarafu unafua mwenyewe. Katika mji ambao soksi ukizianika zinaota ukungu kabla hazijakauka, dobi ile ilikuwa kama jiko la mtaa. Watu walikuja na kikapu wakakaa hadi mazungumzo yaishe, nguo zimeshapoa zamani.

Bun-kiat, mumewe, alikuwa fundi umeme wa meli. Tulijuana bandarini, mimi nikiwa mpishi kwenye meli za uvuvi, yeye akipanda kutengeneza pampu na taa zetu. Alipostaafu, mtaa mzima ulimletea vitu: feni, sufuria za umeme za kupikia wali, redio za wazee. Hakupenda kulipwa. Ukimletea matunda ya persimoni yaliyoiva vizuri, mmemalizana.

Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mguu ulirudi, mkono ukarudi nusu. Na watu, kwa kumpenda tu, wakaacha kumletea vitu. Kila mtu alisema mwacheni apumzike. Basi akawa anakaa kwenye kigoda chake mlangoni anaziangalia feni zikipita mbele yake kwenda kwa fundi wa barabara ya pili. Sijawahi kuona mtu akichoshwa na mapumziko kiasi kile.

Ndipo Namba Moja ikaanza kugoma. Namba Moja ilikuwa mashine yao ya kwanza, Bun-kiat aliifungia mwenyewe mabomba na waya siku walipofungua dobi. Sasa ukifunga mlango na kutumbukiza sarafu, unasikia ta, halafu taa nyekundu inapepesa, maji hayaji, na baada ya kitambo mlango unaachia wenyewe. Siok-khim alichoka kurudishia watu sarafu zao. Akapatana na A-Thok, yule kijana wa vyuma chakavu anayezunguka na kigari chenye kipaza sauti, kwamba apite baada ya chakula cha mchana aichukue.

Bun-kiat hakubisha. Aliomba aachiwe asubuhi ile tu.

“Nikishindwa aichukue,” akasema, “na bisibisi zangu aende nazo.”

Siok-khim alinitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyemtia maneno mdomoni. Bisibisi zile Bun-kiat alizitunza kwenye kitambaa kama vijiti vya kulia chakula vya bibi yake. Sote watatu tulijua hatanii.

Tukafungua kifuniko. Aliponiambia tutapima umeme ukiwa unatembea, mkewe akaweka kikapu chini.

“Mzee, umeme haujui kwamba wewe ni mgonjwa.”

“Ndiyo maana nimemleta huyu,” akajibu, akininyooshea kidevu. “Ana mikono miwili na hana kazi nayo.”

Kwanza aliapa kwamba ni bodi, kile kibao cha ndani kinachotoa amri. Alisema amezisikia meli nyingi zikifa hivyo, mvuke unakula risasi ya kulehemu. Kweli tuliona ufa mwembamba kuzunguka pini moja. Nikamshikia bodi, yeye akalehemu kwa mkono wa kushoto. Risasi nyingine ilidondoka sakafuni, nyingine kwenye kiatu changu, lakini mwisho pini ikashika. Tukarudisha kila kitu, tukafunga mlango. Ta. Taa ikapepesa.

Siok-khim alipita na kikapu, akaona, akaendelea na njia yake bila neno. Kwa mwanamke ambaye huzungumza hata na sabuni, hilo lilikuwa baya kuliko kufokewa. Bun-kiat alikaa kwenye kigoda, ule mkono wa kulia ukiwa mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa ashike. Nikaona saa ya chakula inakaribia. Nikanunua maandazi ya mvuke, hakugusa.

Baadaye akaanza kusema polepole, nadhani hakuwa akisema na mimi. Bodi inapeleka umeme kwenye kufuli ya mlango. Ndani ya kufuli kuna kidude kinapata moto, kinakunja ulimi wa chuma, ulimi unasukuma pini, mlango unafungwa. Hiyo ndiyo ta tunayoisikia. Lakini ulimi huohuo ukijikunja unatakiwa uguse chuma kingine, umeme urudi kwenye bodi kuiambia kwamba tayari, leta maji.

“Weka mita ya umeme hapa,” akaniambia. Nikaweka. Umeme ulikuwa unakwenda. “Sasa hapa, waya wa kurudi.” Nikaweka. Mshale haukutikisika hata kidogo.

“Kumbe anafunga vizuri,” akasema. “Ila hajibu.”

“Kama wewe nikikuuliza umekunywa dawa,” Siok-khim akasema kutoka kwenye mashine ya kukaushia. Hapo nikajua alikuwa anasikiliza muda wote.

Tukachomoa waya wa umeme ukutani, tukaitoa kufuli, kiboksi cheupe kinachoenea kiganjani. Alikibandua kwa bisibisi nyembamba. Ndani walikuwamo sisimizi, wamekufa wakakauka na kushikamana, wameungua pale pale vyuma viwili vinapotakiwa kugusana. Na katikati yao punje za njano. Nilinusa. Nazi.

Tukainua macho juu ya mashine, wote kwa pamoja. Huko ilikaa ile paketi ya kijani ya vitafunwa vya mahindi vyenye ladha ya nazi, ambayo kila mwenye mashine kwetu huiweka ili mashine itulie. Lazima iwe ya kijani, nyekundu haifai, na isipitwe na tarehe. Bun-kiat aliibadilisha mwenyewe majira ya kuchipua, kazi yake ya kwanza baada ya kutoka hospitali. Aliifunga kwa waya isianguke mashine ikitetemeka. Waya ulikuwa umetoboa paketi. Kutoka kwenye tundu, unga wa mahindi ulikuwa umefanya njia hadi nyuma ya mlango, ambako kuna joto na sisimizi wanapenda joto.

Bun-kiat akaligusa lile tundu kwa mkono wa kulia. “Ni mkono huu,” akasema.

Siok-khim akaja, akachungulia.

“Mkono gani? Huyo ni panya.”

Mimi nilitazama pembeni. Huyu ndiye mwanamke aliyemnunia muuza tambi wa upande wa pili wa barabara karibu mwaka mzima, kisa yule alisema ameona mkia wa panya dobini. Leo anaita panya kwa kinywa chake, mbele ya wateja wawili.

Bun-kiat akamgeukia mkewe. Alimwomba tupa yake ya kucha. Akakibana kiboksi kifuani kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akasugua vile vyuma hadi vikang’aa. Nilitaka kumsaidia kushika, akanigeuzia bega. Alikirudisha mwenyewe, akafunga skrubu mwenyewe, moja ilimchukua muda ambao ungetosha kupika wali.

Siok-khim akatumbukiza sarafu. Ta. Tukangoja. Halafu maji yakaanza kuingia.

Kipaza sauti cha A-Thok kilikuwa tayari kinasikika chini ya mteremko, kikinadi friji mbovu, televisheni mbovu. Siok-khim akazima mashine, akafungua mlango ulipoachia, akasomba taulo zote za kikapuni akazijaza ndani, akawasha tena. A-Thok aliingia anafuta mvua usoni.

“Shangazi, ndiyo hii?”

“Huoni imefunga? Ina maji tumboni. Utabeba mashine na taulo zangu?”

Alisema atangoja. Akaambiwa taulo zile ni za wavuvi, zinafuliwa hadi jioni. Akaenda zake.

Juma lililofuata akarudi, akaikuta inafua. Na lililofuata. Siok-khim akisikia kile kipaza sauti alikamata chochote kilicho karibu, hata nguo safi, akakiingiza Namba Moja. Koti langu lilifuliwa hivyo mara nyingi hadi likabadilika rangi. Katikati ya hayo muuza tambi alivuka barabara na feni imefungwa kwenye mfuko, akaiweka miguuni pa Bun-kiat bila salamu, akarudi kwenye supu yake.

Mwisho A-Thok alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

“Shangazi, mbona nguo zenu zinachafuka siku nikija tu?”

“Ni hilo gari lako,” Siok-khim akasema. “Linatutimulia vumbi.”

Mvua ilikuwa ikinyesha tangu juzi yake.