Njaa ya Fundi Makochi

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri, ingawa mwenye haki ya kumwita hivyo alikuwa mmoja tu: binti wa kaka yake, daktari wa zahanati ya jirani. Shangazi alikuwa fundi makochi. Alivua vitambaa vilivyochakaa, akabadilisha sponji, akavuta kitambaa kipya mpaka kikaze kama ngoma, misumari midogo ameibana kwa midomo na bado anabishana na wateja.

Mwaka mmoja aliamua kupungua. Alikula kabichi na chai kavu miezi mitatu, akashusha kilo kumi na moja. Watu wakampigia makofi. Kisha ikamjia njaa ambayo hakuwahi kuijua: anamaliza kula, anaosha sahani, na tumbo bado linadai. Kabla mwaka haujaisha kilo zote zilikuwa zimerudi, na mbili za nyongeza. Shemeji yake, mtu asiyejua kunyamaza, akasema mbele ya wateja, "Mdomo wako hauna breki!"

Shangazi alicheka pamoja nao. Halafu akaingia chumba cha nyuma, akaketi juu ya kochi lililovuliwa kitambaa, akalia.

Asubuhi moja, akiwa amepiga magoti akigongelea msumari, kizunguzungu kikamshika. Zahanati wakampima: sukari imepanda. Kisukari bado, lakini kinabisha hodi. Binti wa kaka yake akamzungushia utepe wa kupimia kiunoni, akaandika kipimo.

"Niambie ukweli, mwanangu. Mimi ni mlafi?"

"Hapana, Shangazi. Mafuta ya mwilini hayakai bure kama mzigo stoo. Yanatoa homoni iitwayo leptini, inayouambia ubongo: akiba ipo, tosheka. Yakizidi, ujumbe unakuja mfululizo mpaka ubongo unaziba masikio."

"Na nilipopungua?"

"Leptini ikashuka, tumbo nalo likazidisha homoni yake ya njaa, grelini. Mwili ulidhani umefikwa na ukame, ukawa unakuokoa. Ila mafuta ya ndani ya tumbo, yanayozonga maini, ndiyo yanayovuruga sukari. Hayo tutahangaika nayo. Unalala masaa mangapi?"

"Manne. Matano nikibahatika."

"Basi tuanzie hapo. Asiyepata usingizi wa kutosha, njaa haimpi nafasi."

Shangazi alivuta pumzi ndefu. "Kumbe nilikuwa napigana gizani. Sasa adui namwona."

Akaacha kupokea kazi za haraka haraka zilizomkesha usiku. Akalala masaa saba. Asubuhi alikula maharage au yai na mboga, akashiba kweli kweli, na kwenye duka la vitambaa akaenda kwa miguu. Mwezi wa kwanza mizani haikusogea hata nukta. Yeye naye hakusogea kwenye mpango wake.

Baada ya mwaka alikuwa amepungua kilo tano. Kiuno kilirudi ndani sentimita tisa, na sukari ikatulia.

"Mwaka mzima, kilo tano tu?" shemeji akamtania.

"Tano, na hazijarudi. Wewe kiuno chako umekipima lini?"

Wiki iliyofuata shemeji alionekana kwenye benchi la zahanati, kadi mkononi, akisubiri kupimwa. Shangazi alikuwa ameketi kando yake, akimshikia kofia.